Spreyi ya seramiki na rangi ya gari juani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Magari mengi yanalala na kushinda nje. Mwenye gari anaona boneti inaanza kupoteza mng'ao, anasikia habari za spreyi ya seramiki, ananunua chupa, halafu maswali yanaanza. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi nikiwa na kitambaa mkononi, na majibu ninayoyatoa.

Kwa nini rangi ya gari hupauka?

Tuanze na rangi yenyewe, maana bila kuielewa hutajua spreyi inafanya kazi gani. Katika magari mengi ya leo rangi si tabaka moja. Chini kabisa, juu ya bati, kuna tabaka la kuzuia kutu. Juu yake praima, kisha rangi unayoiona, na mwisho kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Mng'ao wote unatoka kwenye klia, na ndiyo inayopigwa na jua kila siku. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa mtu ni takriban mikroni 70. Yaani kinachosimama kati ya jua na rangi ya gari lako ni kitu chembamba kuliko unywele.

Mionzi ya jua inayoitwa urujuanimno hukata viungo vinavyoishikanisha klia. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo huchanganya ndani ya klia kemikali za kufyonza mionzi hiyo na nyingine za kuzuia uharibifu usisambae. Lakini kemikali hizo hupungua mwaka hadi mwaka. Zikishapungua sana, klia hufifia, inaweka ukungu mweupe, inapata nyufa ndogondogo, mwishowe inabanduka kama ngozi iliyoungua.

Angalia gari lolote lililozeeka juani: paa, boneti na buti zimeharibika, milango bado ina afadhali. Sehemu zilizolala ndizo zinazopokea jua la utosini. Joto nalo linasukuma kazi hiyo iende haraka. Bati la gari jeusi juani linaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, kisha usiku linapoa. Bati linatanuka na kusinyaa kila siku, na rangi inalazimika kulifuata.

Spreyi ya seramiki ni kitu gani hasa?

Jina linawafanya watu wafikirie vigae au vyungu. Ni kimiminika chenye silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, au jamaa zake wa silikoni, vikiwa vimechanganywa na maji au kiyeyushi kingine. Ukipaka, kiyeyushi kinaruka, na kile kinachobaki kinaing'ang'ania klia na kujisuka kuwa utando mwembamba, laini, usiopenda maji.

Usiichanganye na ile dawa ya seramiki ya chupa ndogo inayopakwa kwa matone na watu waliobobea. Ile huacha utando wa karibu mikroni moja hadi mbili na hukaa kwa miaka. Utando wa spreyi haufiki mikroni moja. Zote zinaitwa seramiki, lakini kazi yake na umri wake si sawa. Tena chupa nyingi za spreyi ni mchanganyiko: silika kidogo, polima, wakati mwingine hata nta. Hilo si kosa, mradi ujue unachonunua.

Je, inazuia jua lisiharibu rangi?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu langu haliwafurahishi wauzaji: kwa kiasi kidogo sana, na si kwa namna watu wanavyodhani.

Silika yenyewe haizuii urujuanimno. Taa za kuulia vijidudu kwa mionzi hiyo hutengenezwa kwa kioo cha kwazi, ambacho ni silika tupu, kwa sababu mionzi hupita humo bila shida. Sasa utando wa silika usiofika mikroni moja utaizuia vipi? Baadhi ya watengenezaji huongeza kemikali za kufyonza mionzi, na hizo husaidia kidogo, lakini utando mwembamba namna hiyo hauwezi kubeba nyingi.

Hata hivyo naipaka, na nawashauri wengine waipake. Sababu ni kwamba jua haliharibu rangi peke yake. Lina wasaidizi: kinyesi cha ndege, utomvu wa miti, wadudu waliopasuka kwenye bampa, vumbi lenye chembechembe za chuma, maji yenye chumvi. Vitu hivi vikitua kwenye klia yenye joto vinapikwa humo. Utando wa seramiki unavifanya vishindwe kushika vizuri, na vinatoka kwa maji na sabuni badala ya kusuguliwa.

Na hapo kwenye kusugua ndipo penye hasara ambayo wengi hawaioni. Kila mara gari linapopigwa polishi ya kukata ili kuondoa mikwaruzo na madoa, klia inapungua kwa mikroni moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Klia iliyopungua imepoteza sehemu ya zile kemikali zinazofyonza mionzi. Gari linalopigwa polishi mara kwa mara "ili ling'ae" linavuliwa nguo yake ya jua kidogo kidogo. Spreyi ikipunguza kusugua na polishi, imelinda rangi dhidi ya jua kwa njia ya mzunguko, na njia hiyo ndiyo ya kweli.

Gari litakuwa na ubaridi zaidi ndani?

Hapana. Utando mwembamba hivyo hauzuii joto. Kinacholeta tofauti ni rangi ya gari. Mwaka 2011 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha magari mawili ya aina moja yaliyoegeshwa juani, moja jeusi na jingine la rangi ya fedha. Paa la lile jeusi lilifika hadi nyuzi 25 za Selsiasi zaidi, na hewa ya ndani ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Ukitaka ubaridi, tafuta kivuli na kinga ya kioo cha mbele.

"9H" iliyoandikwa kwenye chupa maana yake nini?

Ni kipimo cha penseli. Penseli za kuchorea zina ugumu tofauti, na katika kipimo hiki 9H ndiyo ngumu kuliko zote. Penseli inaburuzwa kwenye rangi, na kama haikuacha mkwaruzo, rangi imefaulu. Hakihusiani na ugumu wa mawe wala almasi. Kokoto ya barabarani, funguo, au mchanga ulionaswa kwenye kitambaa vitakwaruza rangi iliyopakwa seramiki kama vinavyokwaruza nyingine.

Nta ya zamani haitoshi?

Nta nzuri, hasa ya karnauba inayotokana na majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mitende, hutoa mng'ao mzito ambao mimi bado naupenda kwenye magari meusi. Shida yake ni joto na sabuni. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, lakini hulainika kabla ya hapo, na kwenye makopo huchanganywa na nta na mafuta yanayolainika mapema zaidi. Kwa gari linaloshinda juani nta hukaa wiki chache, wakati spreyi nzuri ya seramiki hukaa miezi. Kwa gari linalolala kivulini na kupakwa kila mwezi na mwenye kuipenda kazi hiyo, nta inatosha kabisa.

Naipaka vipi?

Matatizo mengi ninayoletewa yanatoka kwenye maandalizi, si kwenye chupa.

Osha gari kwanza, kwa shampuu ya magari na ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye sabuni. Likishakuwa safi, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki na uupitishe polepole juu ya boneti. Plastiki inakuonyesha kile ambacho ngozi haihisi. Ukisikia vipele kama vya msasa mwembamba, hizo ni chembe zilizozama kwenye klia. Zinaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji mengi ya sabuni, bila kukandamiza. Udongo ukianguka chini, utupe. Usiuokote.

Baada ya hapo futa bati lote kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji. Ile ya asilimia 70 ukiichanganya nusu kwa nusu inatosha. Hapa unaondoa mafuta ya polishi na mabaki ya nta, kwa sababu seramiki inataka kushika klia yenyewe. Ikishika nta, itaondoka pamoja na nta.

Sasa kivuli. Bati liwe limepoa kabisa. Kipimo changu ni mgongo wa mkono: uweke juu ya boneti, na ukihisi uvuguvugu wowote, subiri. Asubuhi mapema kabla jua halijapanda, au jioni ndani ya gereji, ndiyo saa nzuri. Jioni uangalie umande, maana maji yakitua kwenye utando ambao haujakauka yataacha alama.

Andaa vitambaa viwili vya mikrofaiba, kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kumalizia. Tikisa chupa. Puliza kwenye kitambaa, mara mbili au tatu, usipulize ovyo kwenye gari na upepo ukaibeba hadi kwenye vioo. Paka eneo dogo, nusu ya boneti kwa mara moja, kwanza kwa mistari ya kwenda mbele na nyuma, kisha ya kukatiza. Subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi kati ya sekunde 30 na dakika moja, kisha futa kwa kitambaa kikavu, ukigeuza upande mara kwa mara. Chuchumaa utazame bati kwa pembeni, mwanga ukilipiga kwa mlazo. Ukiona ukungu au mstari, ufute sasa hivi, kabla hujahamia eneo jingine.

Dawa kidogo inatosha. Watu humwaga nyingi wakidhani wanaongeza kinga, kumbe wanaongeza kazi ya kufuta. Ukimaliza, gari lisiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24, na kama chupa inasema zaidi, fuata chupa.

Nimepaka juani, sasa kuna mabaka yenye rangi za upinde wa mvua. Nimeharibu?

Hujaharibu klia. Bati la moto limekausha kiyeyushi haraka mno, na dawa imeganda kabla hujaitandaza. Kama ni leo leo, hamisha gari kivulini, subiri lipoe, puliza spreyi hiyohiyo kidogo juu ya baka na ufute mara moja. Dawa mbichi hulainisha ile iliyoganda. Ikiwa zimepita siku kadhaa na baka halitoki, litahitaji polishi nyepesi kwa mkono mahali hapo tu, kisha upake upya.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena kwenye gari jeusi la mtu mwingine. Nilikuwa na haraka, kivuli cha mti kilikuwa kimeshahama, nikasema namalizia tu paa. Jioni mwenye gari alipokuja, paa lote lilikuwa na mawimbi kama mafuta juu ya dimbwi. Nilirudia paa zima kesho yake alfajiri. Tangu siku hiyo kivuli kikihama na mimi naacha kazi.

Kinyesi cha ndege kina ubaya gani kiasi hicho?

Kina asidi, lakini asidi ni nusu tu ya habari. Klia ikipata joto la mchana hulainika na kutanuka kidogo. Kinyesi kinakauka na kuwa kigumu juu yake. Jua likishuka, klia inasinyaa na kukaza, na hapo inashika umbo la kile kilichoganda juu yake. Ndiyo maana ukishakiosha unabaki na alama yenye mikunjo, kama mhuri uliokandamizwa kwenye nta. Ukiigusa kwa kucha unaweza kuhisi ukingo wake.

Kwa jua kali, usingoje siku ya kuosha. Seramiki inakupa muda zaidi, haikupi ruhusa ya kukiacha. Weka kwenye gari chupa ndogo ya maji na kitambaa safi. Lowesha kinyesi, kifunike kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache kilainike, kisha kiinue. Usikifute kikiwa kikavu: ndani yake kuna mbegu na chembe za mchanga, na utachora mistari kwenye klia.

Mbona tangu nipake seramiki gari lina madoa meupe ya duara?

Hii ndiyo kasoro ambayo matangazo hayaisemi. Utando unafanya maji yajikusanye kuwa matone yaliyosimama wima. Yakiteleza, vizuri sana. Yakibaki juani, kila tone hukauka mahali pake na kuacha chokaa na madini mengine yaliyokuwemo. Wengine husema tone linakuwa kama lenzi na kuchoma rangi, lakini chanzo cha madoa haya ni madini. Maji ya kisima au ya bomba yenye chumvi nyingi ndiyo mabaya zaidi.

Dawa yake ni kutoosha juani na kukausha mara moja kwa taulo la mikrofaiba. Madoa yakiwa mapya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa huyayeyusha. Paka kwa kitambaa, acha dakika moja au mbili kivulini, suuza vizuri. Yakikaa wiki kadhaa kwenye joto huanza kula klia, na hapo siki haitasaidia tena.

Rangi yangu imeshapauka. Spreyi itairudisha?

Inategemea imepauka namna gani. Lowesha bati kwa maji. Kama rangi inarudi kuwa nzuri ikiwa na maji na kupauka tena ikikauka, huenda uharibifu uko juu juu, na fundi mzuri anaweza kuuondoa kwa polishi, kisha upake seramiki juu ya klia iliyosafishwa. Mwambie apime unene wa rangi kwanza kwa kifaa chake. Asiyepima anakisia.

Kama klia imeanza kubanduka na ukingo wake unashikika kwa kucha, hakuna spreyi wala polishi itakayoirudisha. Sehemu hiyo inahitaji kupigwa msasa na kupakwa rangi upya. Kuipaka seramiki ni kutupa dawa.

Gari limetoka kupigwa rangi wiki hii. Nipake sasa?

Ngoja. Rangi mpya inaendelea kutoa viyeyushi kwa wiki kadhaa hata ikiwa imekauka kwa kuigusa. Wengi hushauri siku 30, wengine hadi 90. Muulize aliyepiga rangi, maana inategemea aina ya rangi na kama ilikaushwa kwenye chumba cha joto.

Inakaa muda gani, na nitajuaje imeisha?

Spreyi nyingi hukaa miezi mitatu hadi sita. Zipo zinazoahidi mwaka, lakini kwa gari linaloshinda juani na kuoshwa kila wiki, mimi nahesabu miezi mitatu hadi minne kwa paa na boneti, zaidi kidogo kwa milango. Si lazima urudie gari zima. Paa, boneti na buti zipakwe mara mbili kwa kila mara moja ya milango, kwa sababu huko ndiko jua lilipo.

Maji yakiacha kujikusanya kuwa matone, usikimbilie kusema utando umekwisha. Mara nyingi ni uchafu umeufunika. Osha vizuri, kausha, mwagia maji tena. Matone yakirudi, utando bado upo. Yakikataa hata baada ya kuosha, paka upya.

Naweza kupaka tabaka nyingi ili kinga iwe nene?

Mbili zinasaidia, hasa kuziba mahali ulipopitiwa mara ya kwanza. Zaidi ya hapo faida ni ndogo sana.

Vipi kuhusu taa, vioo, plastiki na rangi isiyong'aa?

Taa za mbele zipake bila wasiwasi. Nyingi zimetengenezwa kwa polikaboneti, aina ya plastiki ambayo jua huigeuza kuwa ya njano kinga yake ya kiwandani ikishakwisha. Spreyi haitaondoa unjano uliopo, ila hurahisisha kuzisafisha. Plastiki nyeusi za pembeni hupendeza sana zikipakwa zingali nzuri.

Kioo cha mbele kiache, isipokuwa chupa imesema wazi kwamba inafaa kwa kioo. Baadhi ya spreyi hufanya waipa ziruke na kupiga kelele, na usiku mwanga wa magari yanayokuja unatawanyika. Kwenye diski za breki isiguse kabisa.

Rangi isiyong'aa ina klia ya aina yake, na polishi ikiigusa itang'aa kwa mabaka yasiyoondoka. Tafuta spreyi iliyoandikwa kuwa ni ya rangi hiyo, na ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kifuniko cha turubai si bora kuliko yote haya?

Kwa jua, kivuli cha aina yoyote kinashinda spreyi yoyote. Paa la maegesho ndilo bora. Kifuniko cha kitambaa nacho ni kizuri kama gari ni safi na kifuniko kimekaa sawasawa. Kikivikwa juu ya vumbi, halafu upepo ukakipepesa mchana kutwa, kinasugua klia kama msasa, hasa kwenye kingo za boneti na juu ya vioo vya pembeni. Nimeona gari lililofunikwa kwa uangalifu mwaka mzima likiwa na mikwaruzo kuliko lililokaa wazi.

Chupa niihifadhi wapi?

Si ndani ya gari. Joto la ndani ya gari juani huharibu dawa kabla hujaitumia, na zile zenye viyeyushi zinaweza kushika moto. Iweke ndani ya nyumba, mahali penye ubaridi, mbali na watoto, kifuniko kikiwa kimekazwa. Ukiitumia vaa glavu, fungua milango ya gereji, na usiivute puani. Ikishakuwa na mabonge au imejitenga na haichanganyiki hata ukiitikisa, itupe.